Kumbukumbu ya mradi wa ngoma: sauti imekubali kukaa juu ya tatu kwa mbili

Hatimaye jana jioni niliimba kibwagizo chote, mzunguko baada ya mzunguko, huku mkono wa kulia ukipiga mapigo matatu na wa kushoto mawili ndani ya mzunguko uleule, na hakuna mkono ulioyumba. Aliyewahi kujaribu anaijua furaha hiyo, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye kile kilichonikwamisha tangu masika yaanze.

Mikono yenyewe ilikwisha kutulia. Tukigawa mzunguko katika nafasi sita, mkono wa kulia unashika ya kwanza, ya tatu na ya tano, na wa kushoto unashika ya kwanza na ya nne. Nilipokuwa nikiupa kila mkono hesabu yake, mmoja ulikuwa ukimeza mwenzake kila mara. Mambo yalibadilika nilipoacha kuhesabu nikaanza kutamka "njoo tukale": "njoo" mikono yote miwili, "tu" kulia, "ka" kushoto, "le" kulia. Tangu hapo sikuwa tena na midundo miwili ya kulinda. Nilikuwa na sentensi moja iliyogawanywa kati ya mikono miwili.

Upo utafiti wa mwaka 1996 unaolieleza jambo hili vizuri kuliko mwingine wowote ninaoujua. Elizabeth Franz, James Eliassen, Richard Ivry na Michael Gazzaniga waliwachunguza watu waliokatwa nyuzi zinazounganisha nusu mbili za ubongo ili kutibiwa kifafa kikali. Watu hao waliweza kuchora kwa mikono miwili, kwa pamoja, maumbo yenye mielekeo tofauti, jambo ambalo humvuruga mtu mwingine yeyote. Hata hivyo, ingawa maumbo yalitengana, wakati haukutengana: mikono iliendelea kuanza na kumaliza pamoja. Ndiyo maana siamini kabisa ushauri wa "tenganisha mikono yako". Kama hata kukata nyuzi zile hakukuipa mikono saa mbili tofauti, mpiga ngoma hana sababu ya kuzitafuta saa hizo. Atafute mdundo mmoja ulio mkubwa wa kutosha kuibeba mikono yote miwili.

Kikwazo kilikuwa sauti. Kibwagizo nilichotunga kinaanza kwenye nafasi ya sita, yaani kabla tu ya pigo la kwanza, na kila nilipofungua mdomo hapo mkono wa kushoto uliganda, kisha ukarudi umechelewa. Nilidhani ni maneno, nikaimba "la la la", lakini ukaganda vilevile. Nilidhani ni kasi, nikashuka hadi mizunguko 30 kwa dakika, bado ukaganda. Kilichonichosha zaidi ni kwamba kibwagizo hicho hicho, kikianzia kwenye nafasi ya kwanza, kilipita bila shida yoyote. Niliporekodi kwa simu na kusikiliza polepole, jibu lilijitokeza: nafasi ya pili na ya sita ndizo pekee ambazo hazina mkono. Sauti ikiangukia kwenye pigo la mkono, inasafiri na mkono huo. Ikiangukia mahali patupu, ubongo unalazimika kuianzisha peke yake kama kazi ya pili, na hapo foleni inaanza.

Neno foleni nalitumia kwa makusudi. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayochagua tendo lipi lifuate, hushughulikia uamuzi mmoja baada ya mwingine hata pale tunapojiona tunafanya yote kwa pamoja. Mwaka 2009 Paul Dux, René Marois na wenzao wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walionyesha kwamba watu waliofanyishwa mazoezi ya kazi mbili kwa pamoja kwa muda wa wiki mbili hivi walipunguza sana ucheleweshaji huo, lakini foleni yenyewe haikuondoka. Sehemu ile ya ubongo ilijifunza kumaliza kila uamuzi haraka zaidi. Kwangu hilo lina maana kubwa, kwa sababu linaonyesha kwamba mazoezi yana njia mbili za kusaidia: kuharakisha foleni, au kuziunganisha kazi mbili ziingie humo kama kazi moja.

Nilianza na mguu, nikikanyaga kwenye ya sita ili sauti ipate pa kusimama. Mambo yakaharibika zaidi, kwa kuwa mguu nao ulidai kusimamiwa. Kilichofanya kazi ni kidole cha mkono wa kushoto kuigusa ngozi kwenye nafasi ya sita, mguso mdogo usiosikika hata na aliyekaa karibu. Mzee mmoja wa Temeke, ambaye mimi humpelekea ngoma zangu aziwambe, aliniangalia akasema, "Mwanangu, pumzi unaivuta umechelewa, ivute 'njoo' inapolia." Nilipounganisha pumzi kwenye ya kwanza na mguso kwenye ya sita, sauti iliingia kana kwamba ilikuwapo siku zote. Baadaye niliuondoa mguso kidogo kidogo, na sasa kidole kinainuka tu bila kugusa.

Kuhusu vifaa, metronomu ya simu, yaani programu ya kulia kwa kasi isiyobadilika, ikilia kwenye nafasi zote sita sitaitumia tena kwa kazi hii, kwa sababu sikio linaining'inia na mdundo wenyewe haujengeki. Iache ilie kwenye ya kwanza pekee, tena kwa spika za masikioni zenye waya, maana zisizo na waya huchelewesha mlio. Pedi za kielektroniki nazo sizipendi ikiwa pande zote zinatoa mlio mmoja. Kwenye ngozi ya mbuzi mkono wa kulia unalia pembeni, mwembamba, na wa kushoto unalia katikati, mzito, na sikio linapata wimbo wa kushikilia. Unyevu wa Dar es Salaam msimu huu unailegeza ngozi hadi sauti hizo mbili zinakaribia kufanana, kwa hiyo ngoma inaota moto wa jiko la mkaa kabla ya kila zoezi.

Ratiba ilisema sasa ni zamu ya nne kwa tatu. Nimeiweka kando. Ninataka kujua kama kibwagizo kitaingia kwenye nafasi ya pili bila mguso wowote, au kama kila mahali patupu panahitaji kujengewa daraja lake. Leo asubuhi nimejaribu bila mguso, na mkono wa kushoto umeganda; jioni ninaanza na kidole.