Vibubu vya chuma vinavyocheza, msivipake rangi upya jamani

Jamani mi navipenda mno hivi vibubu vya chuma vya Marekani vya miaka ya 1800 mwishoni, vile unaweka sarafu kitu kinacheza chenyewe halafu hela inazama ndani. Wengi wanasema ni vya watoto tu, sawa, ila kwangu mimi ni vinyago kabisa, kimoja tu kabatini sebule inabadilika.

Chukua kile cha Tammany, alichobuni John Hall, 1873. Jamaa mnene amevaa suti kakaa kwenye kiti, unamwekea sarafu mkononi na uzito wa hiyo sarafu yenyewe ndo unaushusha mkono, hela inateleza hadi mfukoni ndani ya koti na kichwa kinaitikia kabisa, asante! Hamna springi ya kukaza, hamna ufunguo, ni uzito tu umepimwa vizuri. Na jina lake ni la Tammany Hall, lile kundi la siasa lililoishika New York, bosi wao William Tweed alitiwa hatiani kwa ufisadi mwaka huohuo 1873, kwa hiyo watu walijua fika nani anapewa kitu kidogo hapo.

Vingi vilitoka kwa kampuni ya J. & E. Stevens kule Cromwell, Connecticut. Walikuwa wanatengeneza mfano, wanaukandamiza kwenye mchanga, wanamimina chuma, kisha vipande vinaungwa na kupakwa rangi kwa mkono. Hiyo rangi ya mkono ndo roho ya kitu, shavu, nyusi, kola, na ndo maana nikiona mtu kakipaka upya king'ae naumia, hata bei inaporomoka. Iliyobanduka iacheni hivyohivyo.

Vipo pia vya kumdhalilisha mtu mweusi, midomo mikubwa, macho yanazungushwa anameza sarafu, na viliuzwa kwa wingi sana. Ufundi uleule, chuki ndani yake. Mi sebuleni kwangu sikiweki, makumbusho ndo pahali pake, tena na maelezo.

Feki nazo zimejaa. Anayeiga anatumia kibubu halisi kama mfano, na chuma kikipoa kinasinyaa, so nakala inatoka ndogo kidogo, pia uso unakuwa na chembechembe na maungio yana nafasi. Kabla hujatoa hela, kiweke juu ya karatasi, chora kitako chake kwa penseli halafu linganisha na mchoro wa halisi.