Siku moja maishani mwangu: wakili wa upande wa hospitali

Saa 11 alfajiri. Simu imelala, kwa hiyo nasoma. Mzee mmoja alikaa kwenye kituo cha matunzo, akaota kidonda cha mgandamizo juu ya makalio hadi mfupa ukaonekana. Familia inadai uzembe. Mimi namtetea mwenye kituo. Nipo kwenye fomu ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2. Alama za vema zote zimenyooka, wino uleule, kana kwamba zamu tatu ziliazimana kalamu moja. Usiku wa tatu, saa 4: "amegeuzwa, ubavu wa kushoto". Nafunua karatasi ya eksirei. Saa 4 hiyohiyo mzee alikuwa hospitali, anapigwa picha ya kifua. Wakili wa familia anayo nakala hiyohiyo. Nikafunga faili nikaenda kuoga.

Saa 2 asubuhi. Daktari wa kesi nyingine, ya upasuaji, ananipigia. "Wakili, nikiongeza sentensi moja tu, kwamba hatari nilimweleza?" Daktari, usiguse! Mfumo unatunza nani kaandika nini na saa ngapi. Pengo kwenye maelezo naweza kulitolea sababu mahakamani. Pengo lililozibwa baada ya barua ya madai, siwezi.

Saa 4. Mahakamani. Kesi imetajwa, imeahirishwa. Dakika 6.

Saa 6 mchana. Shahidi wetu mtaalamu kwenye ile kesi ya upasuaji anasema hata yeye hatari ndogo kama ile asingemwambia mgonjwa. Zamani ningefurahi. Kwa kipimo cha kesi ya Bolam ya 1957, sisi tuliorithi sheria ya Uingereza tulizoea kuuliza kama madaktari wengine makini wangefanya vivyo hivyo. Lakini mwaka 2015, katika kesi ya Montgomery, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kwenye idhini, yaani mgonjwa kukubali matibabu, swali ni jingine: mgonjwa mwenye busara, katika hali ile, angetaka kujua? Mawakili wengi wa upande wetu hawaipendi hukumu ile. Mimi naiona ya haki, ingawa inaniongezea kazi.

Saa 9 alasiri. Muuguzi wa ile fomu. Mikono ameikalia.

"Sista, usiku ule mlikuwa wangapi?"

"Wawili. Wagonjwa 28."

"Na fomu mlijaza saa ngapi?"

Kimya kidogo. "Asubuhi, zamu ikiisha. Zote kwa pamoja. Ndivyo tulivyofundishwa na tuliowakuta."

Namwamini kwamba alimgeuza, labda si kila mara. Tena vidonda vingine hutokea hata mgonjwa akitunzwa vizuri: damu haifiki, mwili umeisha, hali chakula. Utetezi huo upo, na mtaalamu wa kuusema yupo. Ila maswali ya dodoso ya wakili wa familia yataanzia kwenye vema moja ya saa 4, na baada ya hapo hakuna jaji atakayeziamini zilizobaki.

Saa 11 jioni. Mkurugenzi wa kituo na mtu wa bima kwenye simu. Nashauri tukae na familia tulipe. Mkurugenzi amekasirika, anataka aliyejaza fomu abebe. Nikamuuliza ratiba ya zamu ya watu wawili ilisainiwa na nani. Mtu wa bima akaomba tuendelee na hesabu.

Saa 2 usiku. Ujumbe wa sista: "Wakili, nitafukuzwa?" Mteja wangu ni kituo, si yeye. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Mwishowe nimemtumia mstari mmoja: atafute wakili wake mwenyewe, na kabla ya kesho.