Msiyachochee Mapenzi: Simu Chumbani Usiku

Neno la juma: Wimbo Ulio Bora 2:7

"Msiyachochee mapenzi, wala kuyaamsha, hata yatakapoona vema yenyewe." Mstari huu haulaani mapenzi. Unasema yana wakati wake, na simu huvuruga hasa huo wakati.

Tuanze na usingizi, maana tunaukemea uasherati huku usingizi tumeusahau. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala kati ya saa 8 na 10 kila usiku. Anayeamka saa 11 alfajiri awahi shule, akilala saa 3 usiku ndiyo kwanza amepata hizo 8. Mwanga wa skrini huchelewesha homoni ya usingizi. Video nazo haziishi: programu huangalia amekawia kwenye ipi, ikamletea nyingine za namna hiyo.

Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo, hukomaa katikati ya miaka ya 20. Ikiwa imechoka kwa kukesha, halafu saa 5 usiku ukaingia ujumbe "nitumie picha kama kweli unanipenda", binti aliyekataa mchana anaweza kukubali. Wavulana vilevile hutegwa, mara nyingi na watu wanaojifanya wasichana, kisha hudaiwa fedha. Ile picha ya kutazamwa mara moja isimdanganye mtu. Simu ya pili huipiga picha skrini, basi.

Kwa hiyo simu zote zichajiwe sebuleni kuanzia saa 2:30 usiku, za wazazi zikiwemo. Nunueni saa ya kengele, kwa sababu "naitumia kuamkia" ndicho kisingizio cha kwanza.

Na kama picha imeshatoka? Asilipe chochote, kwani akilipa hudaiwa tena. Asifute mazungumzo. Ahifadhi picha za skrini zenye vitisho, namba na jina la akaunti, ndipo amzuie mtu huyo na kuripoti ndani ya programu. Namba 116 ya kusaidia watoto ni ya bure, Tanzania na Kenya. Picha yenyewe msiirushe kwenye kundi la wazazi eti ni ushahidi. Huko ni kumdhalilisha mtoto mara ya pili, na sheria haitakutetea.

Ikiwa walikutana na kukawa na ngono, awe alikubali au alilazimishwa, afikishwe hospitali upesi. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Aliyelazimishwa asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa. Mzazi anayeanza na kofi huzila saa hizo kwa maswali, na mtoto anayeliogopa kofi hilo hunyamaza mpaka zimekwisha.

Zoezi la juma hili: kabla ya Jumapili, mwambie mwanao, bila kusubiri kosa, "Ukituma kitu ukajuta, niamshe hata saa 8 usiku. Tutashughulikia kwanza, kugombezana baadaye."