Nikuandike sifuri?

Siku ya nne leo, bado naisikia: “Basi mwanangu, nikuandike sifuri?”

Mzee wa Stoo huyo. Mnamjua, yule aliyenibebea sinia la pilau hadi Chumbageni siku ya arobaini ya baba. Alhamisi saa nne, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, kanifungulia daftari lake la michango juu ya meza ya masjala. Ni lile lile. Kurasa za mbele harusi na misiba. Nyuma jina la mgombea, na chini yake sisi wote tumeshaorodheshwa, tunangoja tarakimu tu.

“Shikamoo mzee. Hii hapa ofisini hairuhusiwi.”

“Marahaba. Kwani nimekuja na bendera?”

“Hata bila bendera.”

Akaitazama kalamu yake. Ndipo akaniuliza la sifuri.

Angesema “nikufute” ningelala. Sifuri haifutiki, inakaa pale inasomwa, na jina la kwanza kwenye orodha ni la mkuu wa idara: laki moja.

Jumamosi tulihamia Ngamiani, Jumapili dada kaposwa, nami sikumbuki hata posa ilisemwa na nani.

Mpwa wangu, yule wa mambo ya sheria, alidhani atanituliza. Marekani, anasema, sheria ya 1883 ilikataza kuomba au kupokea mchango wa siasa ndani ya chumba chochote cha ofisi ya serikali ya shirikisho, tena ikakataza kumfukuza au kumshusha cheo mtumishi kwa kuwa hakutoa. Kumbe sifuri waliijua zamani! Mama akacheka. Enzi zake, kabla ya vyama vingi kurudi 1992, tawi la chama lilikuwa humo humo kiwandani; nani angekwambia toka nalo nje?

Nikaanza kujiona shujaa. Kisha nikaikumbuka pochi yangu ya Alhamisi: elfu tatu, nauli. Angenifungulia ukurasa wa harusi ningeahidi mwisho wa mwezi, nikijichekesha. Sheria ni kweli ipo, lakini mimi niliishika kama mtu anavyoishukuru mvua iliyomzuia kwenda kwa anayemdai.

Leo asubuhi nimekuta kashata mbili mezani, zimefungwa kwenye gazeti. Mzee hakusema neno. Nimekula moja.

Halafu hili bomba la nyumba mpya, tangu jana linatoa upepo tu, na ndoo iliyojaa ni moja.