Miji Waliyoipoteza, Ushuru Wanaoendelea Kuutoza

Al-Shabaab, waasi wa Somalia, walipoondoka Mogadishu mwezi wa Agosti 2011, wengi wetu hapa Nairobi tuliamini kwamba mambo yao yamekwisha. Mwaka uliofuata majeshi ya Kenya na washirika wao yakawatoa Kismayu, na Oktoba 2014 wakaipoteza Barawa, mji wa kale wa pwani ambao wenyeji wake husema Chimiini, ndugu wa Kiswahili chetu. Kwa hesabu ya miji, walikuwa wameshindwa. Wiki hii nimekuwa nikijiuliza kama miji ndiyo iliyopaswa kuhesabiwa.

Swali hilo lilizuka katika mazungumzo na mzee mmoja wa Eastleigh, ambaye ndugu zake wana malori yanayobeba bidhaa kati ya Mogadishu na Baidoa. Nilimuuliza kuhusu gharama za njiani nikitarajia awalalamikie waasi, naye akaanza na askari wa serikali. Kwenye kizuizi cha Al-Shabaab, alinieleza, dereva hulipa mara moja, kwa kiwango kinachojulikana kufuatana na lori na mzigo, kisha hupewa risiti ambayo akiionyesha kwenye kizuizi kinachofuata huachiwa apite. Kwa askari na wanamgambo hakuna risiti, na kila kundi hudai chake upya. "Mwanangu, wote wananinyang'anya, ila wale najua mapema kiasi gani," alisema, bila dalili yoyote ya kuwapenda.

Hayo ni ya barabarani. Lililonishangaza zaidi ni kwamba mwaka 2020 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza jinsi kundi hilo lilivyokuwa likitoza hata shehena zinazopitia bandari ya Mogadishu, ambayo iko mikononi mwa serikali. Kisha kuna mahakama. Wakazi wa mji mkuu wenye migogoro ya ardhi wamekuwa wakisafiri hadi maeneo yanayoshikwa na waasi ili wahukumiwe huko, kwa sababu kesi huamuliwa upesi, hongo ni nadra, na aliyeshindwa huhama kwenye kiwanja hata kama yuko mjini na hakuna mpiganaji anayeonekana mlangoni pake.

Anahama kwa sababu anaogopa kuuawa, na hilo lisifichwe na sifa za risiti. Lori la mabomu lililolipuka katika makutano ya Zoobe, Mogadishu, tarehe 14 Oktoba 2017 liliua zaidi ya watu 580. Serikali iliwatwika Al-Shabaab lawama, nao hawakuthubutu kudai kuwa wao ndio waliofanya. Wala ushuru wao si mwepesi: mwaka 2022, katikati ya ukame, koo za mkoa wa Hiiraan, katikati ya Somalia, zilichoka kukamuliwa, wanamgambo wao waitwao Macawisley wakashika silaha, na jeshi likawaunga mkono.

Kutokana na wimbi hilo serikali iliuteka mji wa Adan Yabaal Desemba 2022, lakini Aprili 2025 waasi waliurudia. Taarifa nilizosoma zilijaa habari za askari, silaha na umuhimu wa mji huo kwa njia za kijeshi. Mimi nilitafuta humo habari ya hakimu: je, katika miaka hiyo miwili na ushei, mtu wa Adan Yabaal aliyedhulumiwa shamba au ngamia wake alikuwa akipeleka mashtaka kwa nani?