Jina la ukoo wa mama

Leo, nikiingiza kwenye faharasa (orodha ya majina ya kutafutia) rekodi za zamani za kuzaliwa za Uingereza, nimekutana na watoto wawili wenye jina moja, waliozaliwa mwaka mmoja katika wilaya moja.

Kilichowatenganisha ni jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa, ambalo karani aliliandika kwa wino uliokwisha kufifia.

Usajili wa kiserikali wa watoto wanaozaliwa Uingereza na Wales ulianza mwaka 1837, lakini faharasa za awali hazikuonyesha jina hilo hadi robo ya tatu ya mwaka 1911, ingawa rejesta zenyewe zilikuwa nalo. Inaniuma kuwaza akina mama waliofichwa hivyo.

Mimi hulinakili kama lilivyo, bila kurekebisha tahajia.

Ndugu zangu, ninyi hufanyaje herufi zinaposomeka kwa namna mbili?