Ndia ya Kwetu

Juzi binti yangu alikuwa akitafuta kadi ya chanjo kabatini, akaibuka na picha iliyokunjika pembe. Akaigeuza nyuma. "Mama, nani kaandika *ndia*? Si *njia*?"

Nikakaa kitandani.

Nilikuwa nikifundisha darasa la nne, watoto 18. Kitabu chao cha kusoma kilijaa garimoshi na taa za barabarani, na watoto wangu wa Langoni na Mkomani, mitaa ya mji wa Lamu, wanajua punda, mashua na miguu yao. Ukiwapa insha, wananakili kitabu mistari mitatu, basi. Chuoni tulisomeshwa habari za Paulo Freire, mwalimu wa Kibrazili: mwaka 1963, kule Angicos, Brazil, wafanyakazi wapata 300 walifundishwa kusoma kwa saa kama 40, kwa kuanzia picha za maisha yao na maneno ya vinywani mwao. Nikamwazima shemeji yangu kamera yake ya harusi. Filamu ya picha 36, kila mtoto mbili. Ikavuka bahari hadi Mokowe, upande wa bara, ikapanda basi kwenda kusafishwa Mombasa.

Ziliporudi, kila mmoja akaandika nyuma ya picha yake.

Huyu aliyeandika *ndia* alikuwa hasemi darasani. Picha yake ni uchochoro: kuta mbili za matumbawe, chokaa imebambuka, punda kabeba mifuko ya mchanga, masikio kayalaza. Pembeni kidole gumba cha mpiga picha kimeingia, chekundu kama machweo. Nyuma, kwa penseli iliyokandamizwa hadi karatasi ikatumbuka:

*Hini ni ndia ya kwetu. Punda wawili hawapitani, mmoya hurudi nyuma. Siku ya maziko ya babu punda wote walirudi nyuma.*

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimeshaizungushia *ndia*, nimeshaizungushia *mmoya*, kabla macho hayajafika mstari wa mwisho. Nilipoufikia, mkono ukanifa ganzi. Nikaliona jeneza likipita katikati ya zile kuta, na wale punda wanarudishwa kinyumenyume hadi njia panda.

Yeye hakunitazama mimi. Alikuwa akiutazama ule wino.

"Mwalimu, mama huita *ndia*."

Na mamake yu sawa. Tenzi za kale za Lamu zimejaa Kiamu hicho hicho, lahaja ya Lamu. Sekondari tunawafafanulia wanafunzi tenzi hizo kama hazina. Mtoto akiliandika neno lile lile akiwa na miaka kumi, tunamkosoa.

Picha tulizitungika kwa uzi ukutani. Wazazi wakaja, hata wasiojua kusoma, wakasomewa na watoto wao. Yeye nilimwambia: chini ya picha andika *ndia*, kwenye mtihani andika *njia*. Akaitikia, "Haya." Siku ya kufunga shule akanipa ile picha, akaondoka mbio.

Binti yangu alikuwa bado anaufuata mzunguko mwekundu kwa kidole.

"Kwa hiyo alikosea?"

"Hakukosea."

"Sasa mbona hukuufuta?"